Mtu Mbaya, Nyumba Mbaya: Kihariri Kinapogeuzwa Karakana

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akionekana ameinamia kompyuta yenye skrini nyeusi iliyojaa herufi tupu, wenzake humwuliza: "Vipi, umehama idara?" Mimi nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri nilijibu kwa maandishi. Sijahama. Nilikuwa nahesabu mizani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kihariri cha maandishi kiitwacho Vim, ambacho kinaweza kuendeshwa kwa kibodi peke yake, kinavyoweza kupanuliwa hatua kwa hatua mpaka kiwe karakana kamili ya kuandikia programu. Hoja yangu ni moja. Kihariri hakiwi karakana kwa kurundikiwa vyombo. Kinakuwa karakana pale njia kati ya kosa na mahali pa kosa inapofupishwa, na uamuzi ukabaki mikononi mwa msomaji. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nusura nimsingizie mtunzi makosa ambayo hakuyafanya.

Asili yake kwa ufupi

Ukoo wa Vim unaanzia kwenye kihariri ed, alichokiandika Ken Thompson mwaka 1969. Mwaka 1976 Bill Joy, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza kuandika vi. Mashine aliyotumia, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi h, j, k na l. Ndiyo maana hadi leo mtumiaji wa Vim husogea kushoto, chini, juu na kulia kwa herufi hizo. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa Vim hadharani mwaka 1991, akaiendeleza hadi alipofariki mwaka 2023.

Jambo moja hapa linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi mtu akiifungua Vim bila faili, skrini ilimwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alikuwa amefanya kazi mwaka 1994 huko Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, eneo ambalo UKIMWI uliacha mayatima wengi. Hakutoza bei ya programu yake. Aliomba walioipenda wachangie kituo cha watoto hao.

Sarufi ya vidole

Anayeifungua Vim kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa: anaandika, na maneno hayatokei! Sababu ni kwamba Vim ina hali mbalimbali. Katika hali ya kawaida, herufi ni amri. Ukibonyeza i unaingia hali ya kuandika, na ukibonyeza Esc unarudi. Mhariri hutumia muda mwingi akisoma, akiruka na kurekebisha kuliko akiandika upya. Nani kati yetu atakataa?

Sasa tazama sarufi yenyewe. Kuna vitenzi: d ni futa, c ni badilisha, y ni nakili. Kuna nomino: w ni neno, ap ni aya pamoja na nafasi yake. Ukiunganisha, dw hufuta neno na dap hufuta aya. Kwa kuwa Vim huiona aya kuwa ni mistari iliyotengwa na mstari mtupu, kwangu mimi mhakiki wa tenzi aya ni ubeti. Basi dap inafuta ubeti, yap inaunakili, na alama } inanirusha hadi mwisho wa ubeti. Ukijifunza kitenzi kimoja kipya, unaweza kukitumia na nomino zote unazozijua, kama tunavyofanya katika lugha yoyote. Upanuzi wote unaofuata umejengwa juu ya msingi huu.

Kutoka kihariri hadi karakana

Marehemu babu alimwachia bibi yangu daftari la utenzi. Bibi akanipa nilinakili kwa ajili ya tasnifu yangu. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo unatarajiwa kuwa na mizani 8. Kuhesabu kwa vidole mamia ya mishororo si mchezo, kwa hiyo niliandika programu fupi kwa lugha ya Python. Kanuni yake ilikuwa hii: kila irabu ni mizani moja, na kila m inayofuatwa na konsonanti ni mizani pia, kama katika "mtu", isipokuwa ikifuatwa na w, b au v. Nilitaka "mwana", "mbuzi" na "mvua" zisiharibike.

Mwanzoni nilikuwa naiendesha programu katika dirisha moja, naandika namba za mishororo kwenye karatasi, kisha nafungua utenzi katika dirisha jingine na kuitafuta. Hapo nilikuwa na kihariri na nilikuwa na programu, lakini karakana sina. Mistari miwili katika faili la matakwa yangu, liitwalo vimrc, ilibadili mambo:

set makeprg=python3\ mizani.py\ %
set errorformat=%f:%l:%c:%m

Mstari wa kwanza unaiambia Vim: nikiamuru :make, iendeshe programu hii juu ya faili lililo mbele yangu. Wa pili unaifundisha kusoma majibu: kwanza jina la faili, kisha namba ya mstari, kisha nafasi ya herufi, kisha maelezo. Kuanzia hapo, nikiandika :make, Vim inakusanya makosa yote katika orodha, na kunisimamisha juu ya herufi yenye mashaka. Nikiandika :cn inanipeleka kwenye kosa linalofuata. Nikiandika :copen naiona orodha nzima. Karatasi nikaitupa.

Huo ndio moyo wa karakana. Mengine yanafuata mantiki hiyohiyo. Programu iitwayo ctags huandaa faharasa ya kila kijisehemu chenye jina ndani ya msimbo. Ukiweka kielekezi juu ya jina na kubonyeza Ctrl na ], unarukia mahali lilipoelezwa, na Ctrl na o inakurudisha ulikotoka, kama msomaji anayekwenda kwenye sherehe ya msamiati mwishoni mwa kitabu na kurudi alipoishia.

Vim yenyewe ilikua kwa namna hiyo. Toleo la 5.0 la mwaka 1998 lilileta lugha yake ya kuandikia nyongeza, pamoja na kupaka rangi sehemu za msimbo. Toleo la 8.0 la mwaka 2016 liliruhusu kazi ziendeshwe kwa nyuma wakati wewe unaendelea kuandika. Toleo la 8.1 la mwaka 2018 likaleta dirisha la amri za kompyuta ndani ya Vim yenyewe, na njia ya kufuatilia programu hatua kwa hatua ili kunasa kosa.

Mwaka 2016 vilevile Microsoft ilitangaza itifaki ya seva za lugha. Kabla ya hapo kila kihariri kilihitaji kufundishwa kila lugha ya programu peke yake. Vihariri 10 na lugha 10 maana yake ni kazi 100! Itifaki hii ilifanya kile ambacho Kiswahili hufanya sokoni Kariakoo: kila mmoja na lugha ya kwao, lakini wote wanaelewana kwa moja. Seva ya lugha inajua makosa, maana na matumizi ya majina, na kihariri chochote kinachoifahamu itifaki kinaweza kuiuliza. Neovim, tawi la Vim lililoanzishwa mwaka 2014, liliijumuisha itifaki hiyo ndani yake katika toleo la 0.5 la mwaka 2021. Katika Vim yenyewe huongezwa kwa nyongeza.

Mtu mbaya, nyumba mbaya

Karakana yangu ilipokamilika, iliniletea mishororo 13 yenye upungufu. Nikafurahi, kwani mhakiki hupenda kupata cha kusema. Nikaandika katika rasimu kwamba mtunzi "analegalega katika urari wa mizani". Mwalimu aliyenisimamia aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hebu nisomee mshororo mmoja kwa sauti."

Nikasoma. Nilipofika kwenye m nikasikia mwenyewe. Jamani!

Nitatoa mfano wa kutunga. Sema "nyumba mbaya siitaki": nyu-mba-mba-ya-si-i-ta-ki, mizani 8. Sasa sema "mtu mbaya hafai": m-tu-m-ba-ya-ha-fa-i, nazo ni 8. Neno "mbaya" ni lilelile kwa macho, lakini katika ngeli ya mtu m ni silabi kamili, na katika ngeli ya nyumba imeshikamana na b. Programu yangu ilihesabu 7 katika mshororo wa pili, ikaita kosa. Kosa lilikuwa la kanuni yangu. Mtunzi hakulegalega popote. Mimi ndiye niliyeamini orodha bila kuisikiliza.

Hapa ndipo karakana ilipothibitisha thamani yake kwangu. Kwa kuwa msimbo na utenzi vilikuwa mahali pamoja, niliibadili programu siku ileile. Sasa ikikuta mb au mv mwanzoni mwa neno haiamui. Inaandika "shaka" na kunisimamisha juu ya herufi m. Kisha nikaongeza mstari mmoja katika vimrc:

nnoremap <F6> a'<Esc>

Nikibonyeza F6, alama ya ritifaa inawekwa baada ya m, na programu inaihesabu kuwa mizani. Hufanya hivyo katika nakala ya kazi tu, maana utenzi wa babu sikuugusa. Basi nasoma kwa sauti, naamua, nabonyeza au naacha, naenda mbele.

Ilibaki mishororo miwili tu. Mmoja ulikuwa ni uzembe wangu: niliruka herufi wakati wa kunakili. Wa pili ulikuwa na mizani 7 kweli. Nilipompigia bibi simu aliuimba palepale, kisha akacheka: "Mjukuu wangu, hapo unavuta sauti. Babu yako alikuwa anavuta."

Hitimisho

Sipendi kumdanganya msomaji. Karakana hii ina mtego wake. Nilipoteza wiki nzima nikichagua rangi na kujaribu nyongeza ambazo sikuzihitaji, kama mkulima anayenakshi mpini wa jembe huku mvua zinapita. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usiongeze kitu mpaka ukereketwe na ukosefu wake. Mistari yangu mitatu ilizaliwa na kero tatu.

Wapo watakaosema kwamba zipo programu zinazokuja zimekamilika, zenye kila kitu. Ni kweli, na anayezitumia hafanyi kosa. Lakini mimi nilijifunza zaidi kwa kuunganisha mwenyewe, kwani kila kiungo kilinilazimu nijiulize: hapa mashine inaamua nini, na mimi naamua nini? Swali hilo ni la uhakiki kabla halijawa la kompyuta. Katika tasnifu yangu sentensi ya kulegalega nimeifuta. Mahali pake nimeandika kwamba mshororo mmoja una mizani 7 katika maandishi na 8 katika uimbaji, na kwamba shahidi wangu ni bibi.