Kinachozuia ni Nini? Ruhusa na Uwezekano Katika Kiingereza

Kwenye pakiti nyingi za dawa za mafua na mzio huandikwa kwa Kiingereza: "May cause drowsiness." Hakuna aliyeipa dawa ruhusa ya kumsinziza mgonjwa. Maandishi yanaonya kwamba huenda ukashikwa na usingizi, basi usiendeshe gari. Lakini mwanafunzi wa Kenya au Tanzania alilijua neno "may" kwanza darasani, mkono ukiwa juu: "Teacher, may I go out?" Pale lilikuwa neno la kuomba ruhusa tu. Baadaye linamtokea kwenye kitabu cha sayansi, kwenye utabiri wa hali ya hewa na kwenye mkataba wa kazi, na kila mahali linaonekana kusema jambo jingine. Vitabu vya sarufi hulimaliza suala hili kwa jedwali: "may", maana ya kwanza ruhusa, ya pili uwezekano, "can", ya kwanza uwezo, ya pili ruhusa, ya tatu uwezekano. Mwanafunzi hukariri, hufaulu mtihani, kisha husahau. Anasahau kwa sababu jedwali limemgawia vipande vya kitu kimoja bila kumwonyesha kitu chenyewe.

Kitu chenyewe ni hiki: vitenzi hivi husema kwamba njia iko wazi, hakuna kinachozuia. Kinachobadilika ni aina ya kizuizi kinachofikiriwa. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa jambo hili, maana analifanya kila siku. "Juma anaweza kubeba gunia la kilo 90": kizuizi kingekuwa udhaifu wa mwili, na haupo. "Mgeni anaweza kuingia": kizuizi kingekuwa kauli ya mwenye nyumba, naye hakukataa. "Mvua inaweza kunyesha leo": kizuizi kingekuwa yale tunayoyajua kuhusu hali ya hewa, nayo hayapingi. Kitenzi ni kimoja, wazo ni moja, ila wazuiaji ni watatu. Historia ya Kiingereza inashuhudia hivyohivyo. Katika Kiingereza cha kale, asili ya "may" ilikuwa kitenzi cha kuwa na nguvu, na asili ya "can" ilikuwa kitenzi cha kujua. Hata "must", ambalo leo ni neno la kulazimisha, limetokana na kitenzi kilichohusu kuruhusiwa. Maneno yamekuwa yakihama kutoka nguvu kwenda ruhusa, kutoka ujuzi kwenda uwezekano, karne baada ya karne, na yasingeweza kuhama kirahisi hivyo kama maana zenyewe zisingekuwa majirani.

Swali la haki hapa ni hili: kama wazo ni moja, Mwingereza anajuaje ni kizuizi gani kinachozungumziwa? Anajua kwa kutazama sentensi nzima. Ruhusa hutazama mbele; hakuna anayeweza kumruhusu mtu leo afanye jambo la jana. Ndiyo maana "may" ikifuatwa na "have" na tendo lililopita, kama katika "She may have left", ruhusa haiingii akilini kabisa. Maana inayobaki ni kwamba huenda ameshaondoka. Ruhusa pia humhitaji mtu wa kuipokea na tendo analoweza kuamua kulifanya. "You may sit down" inaelekea kuwa ruhusa. "The road may be flooded" haiwezi kuwa, kwa sababu barabara haiamui kufurika. Na katika swali, "may" karibu kila mara huomba ruhusa. Anayetaka kujua kama jambo lina uwezekano wa kuwa kweli huchukua "can" au "could": "Could it be true?"

Penye hatari zaidi ni pale wakati uliopita unapokutana na "might". Chukua habari mbili za mtoto aliyetumbukia mtoni. "The boy may have drowned" husema kwamba mwandishi hajui: huenda mtoto amezama, utafutaji unaendelea. "The boy might have drowned" mara nyingi husema kwamba mtoto yu hai: nusura azame, lakini ameokolewa. Tofauti ya neno moja ni tofauti ya matanga na shukrani. Ni kweli kwamba siku hizi waandishi wengi wa Kiingereza huyachanganya haya mawili, na "might have" nayo hutumika palipo na mashaka matupu. Hiyo ni sababu ya msomaji kuwa makini zaidi, na ya mhariri kutopuuza.

Kukanusha nako kuna mtego wake. "You may not leave" hufunga njia: huruhusiwi kuondoka. "She may not leave" kwa kawaida huiacha njia wazi: huenda asiondoke. Katika ya kwanza kinachokanushwa ni ruhusa; katika ya pili ni tendo, na uwezekano unabaki mzima. "Cannot" haina utata huo, maana hukanusha uwazi wenyewe wa njia, iwe ya sheria au ya mantiki: "You cannot park here", hapa hapaegeshwi gari, "That cannot be true", hilo haliwezekani kuwa kweli.

Mtu anaweza kupinga kwamba maelezo haya yanafaa mazungumzo tu, na kwamba wanasheria na wahandisi wametenganisha maana hizi kwa makusudi. Wametenganisha kweli. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, katika kanuni zake za uandishi, limeliweka "may" kwa ruhusa na "can" kwa uwezekano na uwezo. Mwaka 1997 wahandisi wa intaneti walitoa waraka uitwao RFC 2119 unaoeleza "MAY" kuwa jambo la hiari na "MUST" kuwa sharti. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, nayo huichukua "may" inayotoa mamlaka kuwa ni hiari ya mwenye mamlaka, na "shall" kuwa ni wajibu. Lakini kwamba ilibidi watu wakae na kuandika kanuni ni ushahidi kwamba lugha yenyewe haikuzitenga maana hizo. Hata mahakamani, zamani kabla ya kanuni hizi, neno peke yake halikutosha. Mwaka 1880, katika kesi ya Julius dhidi ya Askofu wa Oxford, majaji wa Baraza la Malordi la Uingereza walikubali kwamba maneno ya kuruhusu hubaki ya kuruhusu, ila mazingira ya mamlaka yenyewe yanaweza kuleta wajibu wa kuyatumia. Kwa mara nyingine, jibu lilitafutwa katika mazingira ya neno.

Pingamizi la pili hutoka kwa mwalimu anayemkatiza mtoto: usiseme "Can I go out?", sema "May I?" Hoja yake ni kwamba "can" ni uwezo tu. Hiyo haikubaliani na Kiingereza kinavyotumika. "Can" ya ruhusa imezoeleka tangu karne ya 19, na mwanaisimu Geoffrey Leech, alipolinganisha maandishi ya mwaka 1961 na ya mwaka 1991, aliona "may" ikipungua huku "can" ikibaki imara. Tofauti iliyobaki ni ya heshima, na heshima ina kanuni yake. Anayeomba hurudi hatua moja nyuma, akasema "Could I use your phone?" ili mwenzake asione anasukumwa. Anayekubali husema "Yes, you can" au "Yes, you may". Hasemi "Yes, you could", kwa sababu aliyeshika ruhusa mkononi hana haja ya kurudi nyuma, na akirudi, mwombaji atabaki hajui kama amepewa.