Papua Guinea Mpya: Popoo inalisha familia, lakini inaleta kansa ya kinywa

Katika masoko ya Port Moresby, mji mkuu wa Papua Guinea Mpya, ardhi ina madoa mekundu kama damu. Ni mate ya wanaotafuna popoo, tunda la mti unaofanana na mnazi. Wenyeji wanaliita buai.

Anayetafuna anatoa ganda, anatia kokwa kinywani, kisha anachovya tunda refu la mtambuu katika unga wa chokaa ya makombe ya bahari yaliyochomwa. Vikichanganyika, mate yanakuwa mekundu, mwili unapata joto na usingizi unakimbia, karibu kama makasu huku kwetu.

Desturi hii ni ya zamani, toka India hadi visiwa vya Pasifiki. Huko Vietnam, familia ya bwana arusi inapeleka popoo na majani ya tambuu kwa wazazi wa binti. Katika Papua Guinea Mpya, kumpa mgeni buai ni kumkaribisha. Inatolewa pia kwenye ndoa, kwenye kilio, na wakati wa kupatanisha waliogombana.

Buai ni pia biashara. Mti wake unapenda joto la pwani, hauzai vizuri kwenye milima ya baridi. Kwa hiyo wachuuzi wananunua magunia pwani na kuyapandisha hadi Mount Hagen, huku akina mama wakiuza moja moja kando ya barabara.

Lakini mwaka wa 2003, shirika la OMS linalochunguza kansa lilitangaza kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbako, inaleta kansa. Mara nyingi ugonjwa unaanza na kidonda au doa jeupe kinywani lisilopona. Papua Guinea Mpya ni kati ya nchi zenye kansa ya kinywa kwa wingi zaidi duniani.

Mwaka wa 2013, gavana wa Port Moresby, Powes Parkop, alikataza kuuza na kutafuna buai hadharani, kwa sababu ya uchafu na magonjwa. Wachuuzi wakaipitisha kwa siri, porini na baharini, na bei ikapanda. Miaka michache baadaye, katazo hilo lililegezwa.

Daktari anaweza kumshauri mtu aache kutafuna. Ila mama anayelipia watoto masomo kwa feza ya buai anahitaji kwanza kitu kingine cha kuuza.