Mashine ya kufulia ikigoma kutoa maji, anza na mpira kabla ya pampu

Katika vilima vya Minembwe, nguo hufuliwa kijitoni na kuanikwa juani. Kule Baraka, wengi hufulia kwenye beseni au ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kazi ikiisha, maji machafu humwagwa tu.

Mambo hubadilika kwa waliohamia Marekani. Manusura wa mauaji ya Gatumba, Burundi, ya Agosti 13, 2004, wengi wao Banyamulenge, walianza kupokelewa huko mwaka 2007. Walifuatwa na Wakongo wengine, wakiwamo watu wa Fizi waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Katika baadhi ya nyumba za kupanga, hukuta mashine ya kufulia yenye mfuniko wa juu.

Siku moja inasimama katikati ya kazi. Nguo zimezama kwenye maji ya sabuni na mashine haikamui. Wengi hudhani pampu imekufa, kumbe mara nyingi tatizo ni dogo.

Mtuhumiwa wa kwanza ni povu. Kwa aliyezoea kufua kwa mkono, povu jingi ni dalili ya usafi, hivyo huongeza sabuni. Ndani ya mashine, povu huingia kwenye pampu, ambayo hushindwa kusukuma maji. Mashine zinazotumia maji kidogo huhitaji sabuni ya povu dogo, yenye alama ya herufi "HE" kwenye chupa au pakiti.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Angalia mpira wa kutolea maji nyuma ya mashine: huenda umekunjika au umebanwa na ukuta. Kisha ushushe mwisho wake kwenye beseni lililo sakafuni. Maji yakitoka kwa kasi, njia iko wazi. Tatizo linaweza kuwa pampu, umeme au mfuniko. Yakidondoka kidogo kidogo, kuna kitu kimeziba: soksi ya mtoto, sarafu, kifungo au nyuzi za nguo.

Sauti nayo husema. Pampu ikinguruma bila maji kusogea, huenda kuna kitu kimekwama ndani yake. Ikiwa kimya kabisa, kagua kwanza mfuniko, kwa kuwa mashine nyingi hazikamui mpaka ujifunge vizuri. Kama maji yanatoka kwenye mashine lakini yanafurika kutoka bomba la ukutani, mashine haina kosa. Bomba la nyumba ndilo limeziba.

Mpira ukiwa na uchafu, uvue, uusafishe kwa maji mengi na uurudishe kwa kibano chake. Mwisho wake usiwekwe chini ya usawa wa maji ya mashine, la sivyo maji yatakuwa yakijitoa yenyewe wakati wa kufua.

Kufungua pampu ni kazi ya fundi. Na kama mashine ni ya mwenye nyumba, mpangaji asiifungue. Ampelekee taarifa ya maandishi na picha siku hiyohiyo, kwa sababu maji yakipenya sakafu na kuharibu dari ya jirani wa chini, aliyekaa kimya anaweza kudaiwa gharama.

Kwa ufuaji unaofuata, pekua mifuko ya nguo na upunguze sabuni.