Maji Mawili ya Garissa

Mji wa Garissa unaweza kufurika huku jua linawaka. Mvua iliyonyesha Mlima Kenya na milima ya Aberdare hushuka na Mto Tana, hupitia mabwawa matano ya Seven Forks, kuanzia Masinga hadi Kiambere, kisha husafiri siku kadhaa hadi kuufikia mji ambao kwa mwaka wa kawaida haupati hata milimita 400 za mvua. Mabwawa yakijaa, kampuni ya KenGen hutoa tahadhari, na wakazi wa kando ya mto huanza kuhamisha watoto, mbuzi na magodoro. Haya ni maji yanayobisha hodi. Yalikuja 1961, yakaja na El Niño ya 1997, yakarudi 2018, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024, pale mashua iliyokuwa ikivusha watu kwenye barabara iliyozama upande wa Mororo, ng'ambo ya mto, ilipopinduka na watu wakafa maji. Ikitajwa ramani ya mafuriko ya Garissa, wengi huwaza mstari wa buluu unaofuata mto huu. Nashikilia kwamba mstari huo ni nusu ya ramani, na nusu iliyobaki ndiyo inayowakuta watu wamelala.

Maji ya pili hayapitii bwawa lolote. Ni ya mvua ya papo hapo, inayoanguka kwa saa mbili tatu juu ya ardhi ambayo ukame na kwato zimeishindilia hadi ikawa kama sakafu. Hayazami. Hukimbilia kwenye laga, mikondo mikavu ambayo machoni pa mgeni ni uwanja mpana wa mchanga tu. Laga ikikaa misimu mitatu bila maji, mtu huiona kiwanja, akajenga. Barabara ikiinuliwa kwa tuta bila kalvati za kutosha, hugeuka ukuta, na nyumba za upande wa juu ambazo hazikuwahi kuona maji hujikuta ndani ya ziwa. Mathenge nayo, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukawa kero, huziba mikondo kwa miiba yake. Kila moja ya mambo hayo huyapa maji njia mpya, na hakuna hata moja linaloonekana katika ramani iliyochorwa kabla yake. Mji wa Wajir, katika kaunti jirani, ndio ushahidi ulio wazi zaidi. Mji huo hauna mto. Uko kwenye ardhi tambarare, maji ya visima yakiwa karibu sana na uso wa ardhi. Mvua kubwa hutuama, vyoo hujaa, na uchafu huingia visimani. Anayeyatafuta mafuriko ya Wajir kando ya mto hatayaona, mpaka kipindupindu kimwoneshe.

Wapo wanaosema ramani ni anasa kwa kuwa wazee wanajua maji yanakopita. Wanajua kweli, lakini wanaijua nchi ilivyokuwa kabla ya tuta la barabara. Na aliyehamia mjini baada ya ukame wa 2020 hadi 2022 kummalizia mifugo hakuwahi kuiona laga ikitiririka. Alipewa mahali palipobaki wazi, akashukuru. Ujuzi wa wazee unahitaji kuandikwa ili umfikie huyo. Dar es Salaam walifanya hivyo kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015: wanafunzi wa vyuo walizunguka mitaani pamoja na wakazi, wakachora mitaro na kuandika maji yalifika wapi. Picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, zinazopenya mawingu, hutolewa bure. Ila setilaiti haioni vizuri maji yaliyo kwenye uchochoro kati ya mabati. Mama wa hapo anayaona, na anakumbuka yalimfika gotini au kiunoni.

Pingamizi la fedha ni zito zaidi: hili ni eneo la ukame, kwa nini shilingi iende kwenye mafuriko? Lakini mwaka 2023 mafuriko yalikuja mara tu baada ya ukame, yakakuta mifugo michache iliyobaki ikiwa dhaifu. Na ramani inayoonyesha laga hukimbilia wapi ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha silanga la kuhifadhi maji ya mvua lichimbwe wapi.

Hofu ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kufukuzwa. Baada ya Mei 2024, nyumba za kando ya mito zilipobomolewa Mathare jijini Nairobi, nani atamwonyesha mchora ramani alama ya maji ukutani kwake? Kanuni za maji zimezoea kutenga mita 6 hadi 30 kando ya mto, lakini kwenye tambarare ya Tana maji hayazijui mita 30, na mashamba ya kandokando yanayonyweshwa kwa pampu ndiyo yanayolisha familia. Ramani ikija na tingatinga, watu wataificha kweli. Kwa hiyo ianze na mambo yanayomsaidia mtu kubaki salama: pampu ihamishwe lini, mgonjwa abebwe kwa njia ipi, shule gani iko juu. Ipitiwe upya kila Januari baada ya mvua fupi za Deyr na kila Juni baada ya mvua ndefu za Gu, wakazi wa kila bula, yaani kila mtaa, wakiwa wa kwanza kuisahihisha. Tena ramani ivuke daraja la Mto Tana. Mororo na Madogo ziko Kaunti ya Tana River, na barabara ya Nairobi inayolisha Garissa hukatika upande huo kwanza.