Nyumba Inayonadiwa na Benki: Chunguza Hati Kabla ya Kutoa Fedha



Ndugu Waislamu, si ajabu siku hizi kusikia tangazo la mnada wa nyumba ambayo mwenyewe ameshindwa kulipa mkopo wa benki. Bei huwa chini ya ile ya soko, na familia nyingi za Unguja na Pemba, pamoja na jamaa zetu walioko Oman na Ulaya, huona hapo ndipo pa kuweka akiba. Mnada kwa asili yake ni biashara halali. Khatari ni kutoa fedha za miaka mingi, kisha wakatokea wenye nyumba usiowajua.

Benki inauza nini?

Nyumba ile si mali ya benki. Benki imewekewa rehani tu, na mtu hawezi kuweka rehani zaidi ya kile anachokimiliki. Katika madhehebu ya Imam Shafi, rai inayotegemewa ni kwamba kuuza mali ya mtu bila ya idhini yake ni mauzo batili. Kwa hiyo suali la kwanza si bei. Suali ni: aliyekopa alikuwa na haki gani juu ya nyumba hii?

1. Hati na daftari la ardhi

Zanzibar, ardhi yote ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Anachokuwa nacho mwananchi ni haki ya matumizi ya ardhi, chini ya Sheria ya mwaka 1992. Usitosheke na kopi anayokuonesha dalali. Nenda mwenyewe, au mtume wakili wako, kwa Mrajis wa Ardhi, ukaangalie jina la mwenye haki, nambari na mipaka ya kiwanja, rehani zilizoandikwa na kama kuna zuio la mahakama.

Nyumba nyingi za visiwani hazijasajiliwa, zina karatasi za mauziano tu. Hapo fuata mlolongo: nani alimuuzia nani, mbele ya mashahidi gani, na sheha anasemaje. Kama kuna minazi au mikarafuu, uliza pia ni ya nani, kwani kwa desturi yetu miti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa ya mwingine. Shamba la eka tatu nalo lina masharti yake. Ulizia kabla ya kufika bei.

2. Mirathi isiyogaiwa

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Baba amefariki, nyumba haikugaiwa, na mtoto mkubwa aliyebaki na karatasi akaziweka benki.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke mmoja, watoto 3 wa kiume na 2 wa kike. Hakuna warithi wengine, madeni wala wasia. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 64. Mke anapata thumuni, yaani milioni 8. Milioni 56 zilizobaki wanagawana watoto, mwanamme fungu mara mbili ya mwanamke: kila mwanamme milioni 14, kila mwanamke milioni 7. Basi yule aliyekopa alikuwa na milioni 14 tu katika 64. Zaidi ya robo tatu ya nyumba si yake, na kama wenziwe hawakumruhusu, unachonunua ni mali ya mjane na ndugu zake.

Kwa hiyo, jina la aliyekopa likiwa limetokana na urithi, taka hati ya mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na idhini ya maandishi ya kila mrithi.

3. Wakf

Mali ya wakf haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Zipo nyumba nyingi za wakf, hasa Mji Mkongwe, na baadhi zimekaliwa na ukoo mmoja muda mrefu hadi wajukuu wakaamini ni zao. Kamisheni ya Wakf ndiyo pa kuulizia. Fanya hivyo hata kama hakuna aliyekutajia wakf.

4. Waliomo ndani ya nyumba

Nenda ukaione nyumba, ugonge hodi, uzungumze na waliomo na majirani. Mpangaji ana mkataba? Mke anaishi humo na alijua habari ya mkopo? Kuna kesi Mahakama ya Ardhi? Uliza pia madeni ya umeme na maji. Mnunuzi akishinda mnada, mara nyingi kazi ya kuwatoa wakaazi humwangukia yeye, na kesi moja huweza kula faida yote aliyoitarajia.

5. Ukinunua Bara

Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo anayenunua Dar es Salaam au Tanga anafuata sheria nyengine. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na marekebisho yake, mkopaji aliyeshindwa hupewa notisi ya siku 60, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ya ridhaa ya mume au mke. Mnada wa ardhi hutangazwa siku zisizopungua 14 kabla. Bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inamdhania muuzaji kuwa hakutimiza wajibu wake wa kutafuta bei nzuri. Basi taka nakala ya notisi na tangazo, na bei ya kutupa iwe sababu ya kuuliza zaidi.

Upande wa dini

Kununua kwa fedha taslimu si sawa na kukopa kwa riba, lakini usikope kwa riba ili ukanunue. Jihadhari na najash, yaani kupandisha bei bila ya nia ya kununua ili wengine wadanganyike. Ziada inayobaki baada ya deni kulipwa ni haki ya mwenye nyumba. Na kumbuka Aya ya 280 ya Suratul Baqara imehimiza kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki.

Kwa hivyo ipo njia iliyo bora kuliko kusubiri nyundo ya dalali. Mwendee mwenye nyumba kabla ya mnada. Mkikubaliana bei, na benki ikaridhia kwa maandishi, sehemu ya fedha inalipa deni, rehani inafutwa na inayobaki anachukua yeye. Wewe unapata nyumba kwa ridhaa ya mwenyewe, naye hatoki mikono mitupu.

Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya kudhulumu ardhi, hata ikiwa kiasi cha shubiri. Mwenye suali kuhusu nyumba maalumu achukue karatasi zake kwa wakili na kwa shekhe anayemwamini kabla ya kuweka amana.

Wallahu a'lam.