Mto na Kuni: Mageuzi ya Nishati katika Miteremko ya Imenti

Kanyakine ni soko la Imenti Kusini, katika kaunti ya Meru, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, na mito ya eneo hilo hutoka katika msitu wa mlimani, hukatiza mashamba ya chai na kahawa, kisha hushuka hadi nyanda kavu za Tharaka na kuishia katika mto Tana. Maji hayo hayakupanda mlimani yenyewe, bali yaliinuliwa na jua, lililoyageuza kuwa mvuke, na upepo wa Bahari ya Hindi ukausukuma mvuke huo hadi mlimani, ambako ulipoa na kunyesha. Kila lita iliyoko juu kwa hiyo imebeba akiba iitwayo nishati tuli, yaani nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu ya mahali kilipo, hata kama hakisogei. Lita 1 ya maji, ambayo ni kilo 1, ikiwa mita 100 juu ya mahali itakapoangukia, ina takriban juli 980.

Maji yanapoteremka, kimo hupungua na kasi huongezeka, ndiyo kusema nishati tuli hugeuka kuwa nishati mwendo. Lau mageuzi yangekomea hapo, maji yaliyoshuka mita 1,000 yangefika chini kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa, na hakuna daraja ambalo lingeyahimili. Jambo hilo halitokei kwa kuwa maji husuguana na mawe, na kingo, na hata yenyewe kwa yenyewe, na kwa msuguano huo nishati mwendo hugeuka kuwa joto, ambalo si kitu kingine ila mtikisiko wa molekuli usio na mwelekeo. James Prescott Joule, Mwingereza wa Manchester, alilithibitisha hilo katika miaka ya 1840 kwa kukoroga maji kwa makasia yaliyozungushwa na uzito uliokuwa ukishuka, akipima joto lililoongezeka. Kwa kipimo chake, maji yakianguka mita 1,000 na joto lote likabaki ndani yake, hupata moto kwa nyuzi 2.3 za Selsiasi tu.

Udogo wa namba hiyo unastahili kutafakariwa. Lita 1 ya maji ikiteremka kutoka Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199, hadi usawa wa bahari, hutoa kilojuli 51, ilhali kuchemsha robo lita ya maji kwa kikombe kimoja cha chai, kutoka nyuzi 20 hadi 95, huhitaji kilojuli zipatazo 78. Joto hudai nishati nyingi mno, na kimo hubeba nishati haba, hata pale mlima unapokuwa wa pili kwa urefu barani Afrika.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika viwanda vya chai vya Imenti. Ili kupata kilo 1 ya chai kavu huhitajika kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi, hivyo kilo zipatazo 3 na nusu za maji lazima ziondolewe, na kuyageuza maji hayo kuwa mvuke huhitaji takriban megajuli 8. Iwapo nishati hiyo yote ingetafutwa mtoni, zaidi ya lita 8,000 zingelazimika kuanguka mita 100 kwa ajili ya kilo moja tu ya chai. Kilo 1 ya kuni zilizokauka, kwa upande mwingine, hutoa megajuli zipatazo 15, na hata baada ya hasara za boila kinachobaki ni kingi. Kuni hizo, za mikaratusi kwa kawaida, zina nishati ya kikemia, ambayo ni nuru ya jua iliyofungwa na majani ya mti katika viungo vya molekuli. Zikitiwa motoni mbichi, sehemu ya joto lao hupotea katika kukausha unyevu wa kuni zenyewe, na ndiyo maana hupangwa na kuachwa miezi kadhaa kabla ya kuchomwa.

Mtu angeweza kudhani, basi, kwamba kuni ni bora kuliko mto kwa kila kazi, lakini sivyo. Nishati ya maji yanayoanguka ina mpangilio, kwa sababu molekuli zote huelekea upande mmoja, na turbaini nzuri inaweza kugeuza hadi asilimia 90 yake kuwa mzunguko wa mhimili, kisha jenereta, kwa kuzungusha sumaku karibu na koili za shaba, ikaugeuza mzunguko huo kuwa umeme. Joto halina mpangilio huo. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba hakuna mashine, hata iwe kamilifu namna gani, inayoweza kugeuza joto lote kuwa kazi, kwa kuwa sehemu yake lazima itolewe mahali penye ubaridi zaidi. Rudolf Clausius na William Thomson waliiweka hoja hiyo mwaka 1850 na 1851 katika sura ya sheria ya pili ya thamodinamiki. Kituo cha umeme kinachotumia mvuke, kwa sababu hiyo, kwa kawaida hugeuza kiasi cha theluthi moja tu ya joto la kuni au makaa kuwa umeme.

Kutokana na hayo, mgawanyo wa kazi unaofaa ni kuuachia mto injini na kuziachia kuni joto. Kiwanda cha chai cha Imenti, kilicho chini ya shirika la chai la KTDA, hufuata njia hiyo: kina mtambo wake wa maji, wenye uwezo usiofika megawati 1 kamili, unaoendesha mashine na kuuza ziada katika gridi ya taifa, ilhali ukaushaji hubaki kazi ya boila. Kwa kipimo kidogo zaidi, wanakijiji wa Mbuiru, katika Tharaka-Nithi ya leo, walichimba mfereji kwa mikono yao na kujenga mtambo wa Tungu-Kabiri wa kilowati 18, ulioanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kilowati 18 ni chache, lakini ni umeme, na umeme hugeuka kwa wepesi kuwa nuru, sauti au mwendo.

Mitambo midogo ya aina hiyo ina umuhimu wa pekee huku Meru kwa sababu ya jiografia. Mabwawa makubwa ya Tana, kuanzia Kindaruma lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, pamoja na Kamburu, Gitaru na Masinga, yana uwezo wa karibu megawati 600, na maji yaleyale huzungusha turbaini za bwawa moja baada ya jingine. Rupingazi, mto wa mji wa Embu, huchangia katika mfululizo huo. Mutonga, Thingithu na Kathita, inayobeba maji ya Imenti, huingia Tana chini ya Kiambere, baada ya turbaini ya mwisho, na bwawa la Grand Falls lililopangwa kwa sehemu hiyo bado halijajengwa. Nishati tuli ya mito hiyo, isipokuwa ile kidogo inayonaswa juu milimani, huishia kuwa joto kati ya mawe ya Tharaka na mchanga wa Tana, kisha joto hilo hupanda hewani na kutoweka katika anga za juu kama mnururisho usioonekana.