Kilima kimoja, maji ya moto na baridi: imekuwaje?

Ukifika Desert Hot Springs, mji mdogo wa jangwani huko California, usikimbilie bwawa la maji moto kwanza. Anza na makumbusho ya Cabot's Pueblo, nyumba ya vyumba 35 aliyoijenga Cabot Yerxa kwa vifaa vingi vya kuokoteza. Yerxa alichimba visima viwili: kimoja kikatoa maji ya moto, kingine, hapo jirani tu, maji baridi. Sasa, inakuwaje?

Kumbe chini kunapita ufa wa Mission Creek, tawi la ufa mkuu wa San Andreas. Miamba iliyosagika humo huzuia maji kuvuka. Upande mmoja hupanda maji yaliyopata joto kina kirefu. Upande wa pili yanabaki baridi.

Ukioga, kumbuka: ufa huohuo unaoleta neema ndio unaoweza kuleta tetemeko.